Msamaha wa ushuru: nani husamehewa, na husamehewa nini?

Ras Kisimani ni ncha ya kusini-magharibi ya Kisiwa cha Mafia, upande unaotazamana na delta ya Mto Rufiji. Jina lake halina fumbo: rasi ni ncha ya nchi kavu iliyojitokeza baharini, na kisima kimeongezewa -ni ya mahali. Hapo palikuwa na mji wa Waislamu wa pwani uliofanya biashara na Kilwa na bandari za ng'ambo. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechapisha taarifa ya uchimbaji wake mwaka 1961, alikuta mabaki ya majengo, vigae na sarafu za shaba, na sehemu ya mji ilikuwa imekwisha kuliwa na bahari. Mji wa namna hiyo uliishi kwa kupokea na kupeleka bidhaa, na penye bidhaa zinazopokewa na kupelekwa hapakosi mtu wa kudai fungu lake.

Tuchukulie mashua mbili zinazotoka kusini na kupita mbele ya rasi hiyo leo. Ya kwanza imepakia mahindi Kilwa na inakwenda Kilindoni, makao ya Wilaya ya Mafia. Ya pili imepakia shehena Msumbiji na inakwenda Dar es Salaam, kwenye bandari iliyoteuliwa kisheria kwa shughuli za forodha. Kwa macho ya mtu aliyesimama ufuoni hakuna tofauti. Kwa macho ya sheria, ya kwanza inasafirisha mizigo ya mwambao ndani ya nchi moja, na ya pili inaingiza bidhaa kutoka nje. Hata hivyo manahodha wote wawili wanaweza kuulizwa swali lile lile: "Ushuru umelipwa?" Wa kwanza anaulizwa ushuru wa mazao, ambao ni mapato ya halmashauri, wa pili anaulizwa ushuru wa forodha, ambao ni mapato ya Serikali Kuu na hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Redio ikitangaza kwamba "ushuru umesamehewa", kila mmoja ana haki ya kudhani ameguswa yeye. Matatizo mengi ya tafsiri katika uwanja huu huanzia kwenye dhana hiyo, nayo ina gharama, kwa maana mtu akisadiki kwamba amesamehewa hupakia mzigo bila kutenga fedha.

Neno ushuru limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kumi. ʿushr ni sehemu moja ya kumi. Ndugu zake katika Kiswahili ni ashara, thenashara, ishirini na hata Ashura, siku ya kumi ya Muharram. Kwa asili, basi, ushuru ni fungu la kumi. Forodha nayo ina asili ya Kiarabu, katika neno lenye maana ya mwanya wa ukingo wa maji ambapo vyombo hutia nanga, na kwa hiyo bandari. Mahali pa forodha pakaitwa forodhani, na Unguja jina hilo limebaki kwenye bustani ya ufukweni mbele ya Mji Mkongwe, ingawa waendao huko jioni hufuata pweza wa kuchoma wala si karani wa shehena.

Hesabu ya kumi haikudumu. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani uliweka kiwango cha asilimia 5 kwa bidhaa zilizoteremshwa na meli za Kimarekani, na Waingereza mwaka 1839 na Wafaransa mwaka 1844 wakapata masharti yaliyofanana na hayo. Fungu la kumi likawa nusu yake, na neno likabaki vile vile. Aliyepokea fedha hizo Unguja hakuwa mtumishi wa dola. Alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Kachchh, Jairam Shivji, aliyemlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka na kubaki na ziada. Kiswahili kina kitenzi kinachoieleza biashara hiyo bila kuongeza neno: forodha ilikodishwa. Hapo ndipo kodi na ushuru yanapokaribiana kuliko mahali pengine popote, maana kodi hadi leo ni malipo ya nyumba ya kupanga na pia malipo kwa dola. Mwaka 1888 kitenzi hicho hicho kiliwasha moto. Sultani wa Zanzibar aliikodisha Mrima, pamoja na forodha zake, kwa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Maofisa wake walipojitokeza Pangani mwezi Agosti kuchukua madaraka, pwani iliinuka chini ya Abushiri bin Salim. Vita hivyo vilipokwisha, Ujerumani haikutaka tena kukodi. Mwaka 1890 ilimlipa Sultani marki milioni 4, ikachukua pwani moja kwa moja pamoja na Kisiwa cha Mafia.

Matumizi ya leo yamejipanga zaidi, lakini si kwa ukamilifu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inaorodhesha ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa zinazotengenezwa nchini miongoni mwa Mambo ya Muungano. Wa pili ndio ambao vyombo vya habari huuita kwa ufupi ushuru wa bidhaa, ufupisho usiofaa, kwa sababu hata ushuru wa forodha hutozwa kwa bidhaa. Yale malipo ya asilimia 18 yanayoongezwa juu ya bei Tanzania Bara hayaitwi ushuru. Ni kodi ya ongezeko la thamani. Kwa jumla ushuru hushika kitu kinachopita mahali, iwe bandarini, sokoni au kwenye kizuizi cha mazao, na kodi humshika mtu, mapato yake au muamala. Mwanafunzi akiishika tofauti hiyo atakosea mara chache, japo atakosea. Tozo na ada zimebaki pembeni: ada hulipwa kwa huduma, na tozo imekuwa jina la malipo mapya ambayo mwanzilishi wake hakupenda kuyaita kodi.

Msamaha ndilo neno gumu zaidi. Kitenzi samehe hubeba yambwa mbili, mtu na jambo: "Nimemsamehe deni lake." Mtu huyo amekosa au anadaiwa, na mwenye haki ameiacha. Hali ya kutendwa humpandisha mtu kuwa kiima: "Amesamehewa deni." Hadi hapo sarufi na maisha vinakwenda pamoja, na msemo kwamba dawa ya deni ni kulipa huthibitisha kwamba msamaha huja tu pale ambapo deni lipo. Sheria ya forodha haisemi hivyo. Mtu anayeingiza bidhaa iliyotajwa kwenye orodha ya msamaha hajawahi kudaiwa. Ushuru haukuzaliwa, kwa hiyo hakuna kilichoachwa. Kumwita "aliyesamehewa" kunampa sura ya mkosaji aliyehurumiwa, na kunamfanya msomaji wa gazeti ajiulize amependelewa na nani. Mjadala wa umma kuhusu misamaha ya kodi Tanzania umebeba mzigo huo kwa miaka mingi. Sehemu ya hasira ina haki yake, kwa sababu misamaha mingine kweli ilitumiwa vibaya. Sehemu nyingine imezalishwa na neno.

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika pamoja na Umoja wa Forodha tarehe 1 Januari 2005. Misamaha imewekwa katika Jedwali la Tano, lenye sehemu mbili ambazo mfasiri hana budi kuzitenganisha. Sehemu ya kwanza hutaja watu na taasisi: marais wa nchi wanachama, majeshi, balozi, mashirika ya misaada na wengine. Msamaha hapo humfuata mtu. Sehemu ya pili hutaja bidhaa zenyewe au hali ya kuingizwa kwake, na humo msamaha hufuata kitu. Mkazi wa Mafia atakipenda kifungu kinachohusu samaki, kaa, kamba na jamii ya pweza: wakivuliwa na kuletwa nchi kavu na mitumbwi au vyombo vilivyosajiliwa au vyenye makao yake katika nchi mwanachama, hawatozwi ushuru. Mvuvi akivuka mpaka wa bahari na kurudi na changu, hageuki mwingizaji wa bidhaa za kigeni.

Jaribu sasa kukitafsiri kifungu hicho. "Wavuvi wamesamehewa ushuru" ni kosa, kwa sababu mvuvi huyo akileta friji kutoka ng'ambo atalipa. "Samaki wamesamehewa ushuru" ni sahihi kisheria na ni kichekesho kisarufi, kana kwamba samaki walikuwa wamekosa. Waandishi wa taarifa za serikali hukimbilia umbo la pili kwa sababu ni fupi. Umbo lililo wazi ni "Samaki hao hawatozwi ushuru wa forodha", au pale nomino inapohitajika, "kutotozwa ushuru". Si zuri masikioni kama msamaha, wala halina wingi unaofaa, lakini halimdanganyi mtu. Pale ambapo istilahi msamaha imekwisha kukita mizizi, na imekita, inafaa mfasiri aongeze kinachofuatwa: "msamaha kwa taasisi" au "msamaha kwa bidhaa".

Tofauti hiyo huonekana hasa kitu kinapobadili mikono. Gari lililoingizwa bila ushuru kwa sababu mwenyewe ni mwanadiplomasia likiuzwa kwa mtu asiye na haki hiyo, ushuru hudaiwa. Mkazi anayehamia kutoka ng'ambo anaruhusiwa kuingiza gari moja bila ushuru iwapo amelimiliki na kulitumia huko kwa angalau miezi 12, na hapo tena haki imeshikamana na mtu na mwendo wa maisha yake. Gari lenyewe halina haki yoyote. Neno linalofaa ni sharti, na "msamaha wenye masharti" ni istilahi nzuri kuliko "msamaha maalumu", ambayo haimwambii msomaji kitu.

Baada ya kujua nani, inabaki kujua lini. Kiingereza cha sheria hiyo kina istilahi kadhaa zinazotofautiana kwa wakati, na Kiswahili cha kila siku huzimeza zote katika msamaha. Ushuru unaweza kutotozwa tangu mwanzo kwa sababu sheria imesema hivyo. Unaweza kuwa unastahili kutozwa, kisha mamlaka ikaacha kuudai, wote au sehemu yake, kwa mfano kwa kiwanda kinachoingiza malighafi. Hili ni ondoleo la ushuru. Unaweza kulipwa kimakosa au kupita kiasi, ukarudishwa; hilo ni rejesho. Tena unaweza kulipwa kihalali wakati wa kuingiza, kisha bidhaa zikatumika kutengeneza kitu kinachouzwa nje, na mlipaji akarudishiwa. Hilo la mwisho lina jina lake katika Kiingereza, na Kiswahili hakijalipa jina lililokubalika kila mahali. "Rejesho la ushuru kwa bidhaa zilizouzwa nje" ni refu lakini linaeleweka, na ni afadhali kuliko "kurudishiwa msamaha", kauli isiyo na maana yoyote. Hotuba za bajeti bungeni zimetoa suluhisho la tatu: katikati ya sentensi ndefu ya Kiswahili huachwa istilahi ya Kiingereza ndani ya alama za nukuu, na Spika anaendelea. Tangu mwaka 2021, sheria ya Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, suluhisho hilo limekuwa gumu kulitetea.

Jambo jingine linalofichwa na neno moja ni kwamba malipo ya bandarini yamepandana kama matabaka. Ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya thamani inayojumlisha bei ya bidhaa, bima na nauli ya baharini. Viwango vya pamoja vya Jumuiya vilianza vikiwa vitatu: sifuri kwa malighafi, asilimia 10 kwa bidhaa ambazo bado hazijakamilika, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika, mwezi Julai 2022 kikaongezwa cha nne cha asilimia 35, huku bidhaa chache zinazoitwa nyeti zikiwa na viwango vyake. Fungu la kumi, kwa hiyo, limebaki katika daraja moja tu kati ya manne.

Tuseme bidhaa ya thamani ya shilingi 4,000,000 iko katika daraja la asilimia 25. Ushuru ni shilingi 1,000,000. Kodi ya ongezeko la thamani haitozwi juu ya milioni 4 bali juu ya milioni 5, na hivyo ni shilingi 900,000. Jumla ni 1,900,000, bila kuhesabu tozo ndogo. Sasa bidhaa hiyo ipewe msamaha wa ushuru wa forodha peke yake. Milioni 1 inaondoka, na kodi inashuka hadi shilingi 720,000, lakini haiondoki. Mwingizaji aliyesoma "msamaha wa ushuru" na kuelewa "msamaha wa kodi" atafika dirishani akiwa amepungukiwa na shilingi 720,000, na mzigo ukikawia bandarini utaanza kudaiwa malipo ya kuhifadhiwa. Mfasiri aliyeandika "kodi" pale palipotakiwa "ushuru wa forodha" hatakuwapo kumsaidia.

Kwa wanaouza nje kuna mtego wa namna nyingine, nao ni tofauti ya msamaha na kiwango cha sifuri. Mtu anayekusanya pweza Mafia kwa ajili ya kuwauza ng'ambo hununua barafu, maboksi na huduma za usafiri. Tuseme amenunua vitu vya shilingi 1,000,000 na kulipa shilingi 180,000 za kodi ya ongezeko la thamani. Mauzo yake ya nje hutozwa kodi hiyo kwa kiwango cha sifuri. Maana yake ni kwamba yamo ndani ya mfumo wa kodi, hesabu yake imetoa sifuri, na ikiwa amesajiliwa anaweza kudai zile 180,000. Kama mauzo yake yangekuwa yamesamehewa, yangekuwa nje ya mfumo, na zile 180,000 zingebaki gharama yake. Kwa hiyo "hakutozwa kodi" ni sentensi ya kweli kwa wote wawili, na haitoshi kwa yeyote. Pale chanzo kinaposema kiwango ni sifuri, mfasiri aandike sifuri. Asiifanye sentensi kuwa laini kwa kuweka msamaha.

Isidhaniwe kwamba kinachotoka nje hakiguswi kamwe na ushuru wenyewe. Korosho ghafi ya Tanzania hutozwa ushuru wa kuuzwa nje wa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, kwa kuchukua kilicho kikubwa, kwa nia ya kuhimiza ubanguaji nchini. Na ndani ya nchi yenyewe mazao hulipiwa ushuru wa halmashauri, ambao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine uliondolewa malipo hayo. Nahodha wetu wa kwanza, mwenye mahindi ya Kilwa, anahusika na mabadiliko hayo ya mwaka 2017. Ya Jedwali la Tano hayamhusu kabisa.

Kuna mahali pamoja ambapo msamaha linakaa sawasawa. Mwaka 2018 Tanzania ilitangaza msamaha wa riba na adhabu kwa waliokuwa na malimbikizo ya kodi. Kodi ya msingi ilibaki kulipwa, na nyongeza zilizotokana na kuchelewa zikaachwa kwa waliokubaliwa. Hapo kosa lilikuwapo, deni lilikuwapo, na mwenye haki aliliacha. Hata asiyejua sheria aliielewa tangazo hilo mara moja. Lingekuwa jambo la busara kama neno lingehifadhiwa kwa hali hiyo, lakini kamusi haiwezi kurudisha nyuma matumizi ya watu. Inaweza tu kuyaeleza, ikionyesha maana ya pili mahali ilipo.

Limebaki jina la mhusika. Magazeti hupenda mwagizaji, kutoka agiza, yaani aliyetuma maombi ya bidhaa ng'ambo. Sheria ya Jumuiya imempanua kuliko hivyo: ni mwenye bidhaa, na pia mtu yeyote aliye nazo mkononi au mwenye maslahi nazo kwa wakati huo, tangu zinapoingizwa mpaka zinapoachiliwa na ofisa wa forodha. Nahodha wa mashua ya Msumbiji hakuagiza chochote, na bado anaweza kuwa ndiye anayetakiwa kujibu. Kwake yeye mwingizaji, kutoka ingiza, ni neno la haki zaidi. Upande wa pili, muuzaji nje humwacha nje anayepeleka bidhaa bila kuuza, na msafirishaji humchanganya mwenye mali na mwenye chombo. "Mpeleka bidhaa nje" halijazoeleka, lakini katika hati inayoamua nani atalipa, linasema kilichokusudiwa.